Jinsi Jabiri Alivyouvamia Mnuno wa Kasiani

Zimeni redio, enyi wana wa Manzese! Nawe muuza mihogo, epua karai, maana utaiunguza kwa utamu wa habari hii: habari ya Jabiri bin Salumu, simba wa tuisheni, Mzaramo asiyeishiwa maneno, na siku aliyouvamia mnuno wa Kasiani.

Kasiani, ngome ya goli letu, Mnyamwezi mwenye mabega kama kabati, alikuwa amepitishiwa mpira katikati ya miguu mazoezini, tena na golikipa wa timu jirani, aliyeupiga kutoka kulekule golini kwake. Akajifungia chumbani, akaapa hadaki tena. Na jioni hiyohiyo tunacheza fainali na Tandale, na kipa wa akiba ni nani? Jabiri! Jabiri ambaye hata ukimrushia chungwa hufumba macho.

Basi shujaa akajifunga kibwebwe, akasimama mlangoni, akachomoa silaha alizofundishwa juzi tuisheni: maneno ya Kiingereza ya kumchangamsha mtu aliyenuna.

“Kasiani, ndugu yangu mpendwa! Chia apu!”

Mlango haukufunguka. Kuku tu ndio waliotawanyika.

“Laiteni apu!” Mkuki wa pili huo, ukapenya pazia.

“Baki apu, nakusihi!”

Kutoka ndani kikasikika kilio. Yaa Rabi! Ngome inabomoka!

Avelina, dada yake Kasiani, aliyekuwa uani akichambua mchicha, akainua kichwa. “We Jabiri, una akili kweli? Mtani unakuja kumpa pole? Si ataona mambo yameharibika kabisa!”

“Umesikia, dada?” Kasiani akalia humo ndani. “Hata mtani wangu ananionea huruma! Mie basi tena.”

Looo! Jabiri akaitupa mikuki ya ugenini, akaushika upanga wa mababu, akanguruma:

“Toka nje, mtumwa wangu! Babu yako alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani, hakudondosha hata moja. Wewe kampira tu kamekushinda? Hapo miguuni pako treni ya Kigoma inapita, tena bila kupiga honi!”

Kitasa kikalia. Kasiani akatokea, glavu mkononi, meno yote nje. “Mzaramo we! Nyie mnajua kucheza ngoma tu, mpira mtaujulia wapi?”

Tulifungwa manne, sawa. Lakini iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba siku ile Kasiani alidaka akicheka, na kila goli lilipoingia alimgeukia mtani wake, aliyekuwa akilia kando ya uwanja, akampigia kelele:

“Chia apu, Mzaramo! Ya Kigoma imeshapita, bado ya Mwanza!”