Samadi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari, yule mtafiti wa nyati, anakuja keshokutwa! Mkuu wa hifadhi ametuambia asubuhi, mimi na Shemeji, tukiwa tumesimama mbele ya meza yake kama watoto waliovunja dirisha. Anakuja kukagua kama nyati waliorudishwa mwaka juzi wamesambaa hadi Bonde la Chini. Bonde la Chini ni langu kulinda, mimi askari wa wanyamapori. Uwanda wa Juu ni wa Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, na tangu nimwoe dada yake hajawahi kuniona nikifanya jambo la maana.

Mkuu anastaafu. Kiti chake kitakwenda kwa mmoja wetu. Shemeji akatabasamu, akasema kwa upole kwamba kwake nyati wapo tele. Tele! Kwangu sijaona hata mkia. Sikusema hivyo kwa Mkuu. Nilisema wako njiani.

Daktari alishatueleza habari yote. Zamani bonde lilijaa nyati, wakamalizwa kwa bunduki. Tangu hapo nyasi zinarefuka hadi zinampita mtu, kiangazi zinaungua, moshi unapanda, na dunia inazidi kupata homa. Nyati wakirudi wanazila zile nyasi, moto unakosa cha kula. Wanachoacha nyuma yao wadudu wanakifukia, udongo unashiba, na ile hewa ya ukaa inabaki chini badala ya kupanda juu na kutuchemsha. Mambo mazito. Mimi niliondoka na jambo moja tu: Daktari akija hatafuti nyati. Anatafuta mavi.

Jumanne, 5 Agosti

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zilisimama zote.

Mama mkwe ana ng'ombe. Nyuma ya zizi lake kuna lundo la samadi analolitunza kuliko anavyonitunza mimi. Leo alikwenda zahanati kwa ajili ya goti. Alipopotea tu kwenye kona, nikaingia na toroli. Nilikwenda na kurudi, nikaenda na kurudi, mpaka mgongo ukaomba talaka.

Nimeitawanya karibu na geti la bonde, maana nani atatembea mpaka kule mwisho, ng'ambo ya matete? Mimi mwenyewe sijawahi kufika. Kuna mbigili, kuna mbung'o, na kuna mguu wangu, ambao huanza kuuma kila nikiyafikiria yale matete. Nimeipanga kwa ustadi. Nyati haangushi kwa mstari. Nyingine nimezimwagia maji zionekane za leo.

Mke wangu aliuliza kwa nini nanuka zizi. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya kazi. Alihamisha mto wake.

Jumatano, 6 Agosti

Kimenuka.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Daktari alishuka kwenye gari, akaona rundo la kwanza, akashangilia. Akaona la pili, akanipa mkono. Shemeji uso ulimshuka kama aliyemeza chai ya chumvi. Mkuu alinipiga bega. Nilishaanza kupanga nitageuzia wapi meza ya Mkuu.

Halafu Daktari akachuchumaa na kijiti. Akapasua. Akapasua jingine. Akainua kitu mbele ya macho yangu: maganda ya mahindi. Jingine lina vipande vya gunzi. Mama mkwe, kumbe ng'ombe wako wanakula hivyo!

Daktari alisema taratibu kwamba porini hakuna mahindi. Nyati hawa wameingia mashambani. Nikasema labda ni upepo.

Makubaliano na kijiji yanajulikana. Nyati wakivamia shamba, wanakamatwa na kurudishwa walikotoka, basi. Kabla jua halijazama kamati ya kijiji ilishapata habari. Malori yanakuja Jumamosi. Nyati wangu, ambao hawapo, wameshtakiwa kwa mahindi ambayo hawakuyala. Jambo moja limenishangaza: Shemeji hakutetea hata mnyama mmoja. Alikuwa anatoka jasho tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Naogopa. Siwezi kula.

Nilimkuta Daktari ofisini amefunika uso kwa mikono. Aliniambia ilichukua miaka kuvishawishi vijiji vikubali. Kundi hili likiondolewa, hakuna kijiji kingine kitakachokubali, na bonde litarudi kuungua kama zamani. Naukumbuka moto wa mwaka ule, kabla nyati hawajaletwa. Uliteketeza nyumba ya jirani wa mama mkwe. Tulimtoa yule mzee mlangoni akiwa amekumbatia redio.

Sentensi moja ingemaliza yote. Moja tu! Nilisimama mbele ya kioo nikajaribu kuitamka: mavi ni ya mama mkwe. Ulimi ukawa mzito kama gunia la mchanga. Nikiisema, kazi imekwenda, ukwe umekwenda, na Shemeji atacheka mpaka siku ya mazishi yangu.

Nimepata njia nyingine. Kesho naenda upande wa Shemeji kuchota mavi ya nyati wa kweli. Nayabadilisha na haya. Daktari akirudia kupima ataona nyasi tupu, kesi imefutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Lazima niandike yote kabla sijalala.

Nilipanda Uwanda wa Juu na gunia langu. Nikazunguka asubuhi nzima. Hakuna kitu! Mavi ya zamani tu, makavu, yanavunjika kama biskuti. Nyuma ya mwamba nikamkuta Shemeji ameketi, ameshika kichwa. Akauliza ninafanya nini kwake na gunia. Nikamuuliza nyati wake tele wako wapi. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

Akasema. Tangu mvua ziishe hajawaona. Kila akiulizwa alikuwa anajibu tele, akitumaini watarudi. Ningemcheka, lakini gunia langu nalo lilikuwa tupu. Kwa hiyo hakuna nyati kabisa? Shemeji akasema kuna mahali pamoja tu hapajatazamwa. Matete yangu. Mguu ukaanza kuuma palepale.

Tulipenya. Mbigili zilinichana suruali, Shemeji akinilaumu kila hatua. Tulipotokea ng'ambo nikasimama. Nyasi zote fupi, kama kichwa kilichonyolewa, eneo lote mpaka kilimani. Na juu yake nyati! Majike, ndama, madume yenye matope mgongoni. Na mavi ya kila umri, kila mahali. Yote bondeni kwangu! Miezi yote hiyo walikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nabeba samadi kwa toroli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi sikuinama. Nilitaka kulia.

Sikupata nafasi. Dume moja liliinua kichwa. Tulipanda mti mmoja uliosimama kwenye nyasi fupi, mimi na Shemeji, na nani alitangulia sitaki kuandika. Aliyekuwa juu alimkanyaga aliyekuwa chini vidole. Dume likaja likasimama chini yetu, likitutazama kama mdai.

Ndipo niliposikia harufu ya moshi.

Mtu fulani alikuwa anachoma shamba upande wa mashariki, upepo ukamzidi. Moto ulikuja kwenye nyasi ndefu, mrefu kuliko sisi juu ya mti, ukinguruma. Mbele yetu moto. Chini yetu dume. Nyuma yetu kijiji, na niliona paa la mama mkwe likimeta. Shemeji alianza kusali. Nikasali naye. Nilimwahidi Mungu kwamba nikipona nitasema kweli mbele ya watu wote, bila kuficha hata punje.

Dume liligeuka, likaondoka polepole kuelekea katikati ya uwanja wenye nyasi fupi, wenzake wakilifuata. Moto ukafika ukingoni mwa uwanja. Ukatambaa kidogo. Ukanyoosha ulimi huku na huku, haukupata kitu. Ukalala. Nililia wazi, na kikohozi juu yake. Shemeji alinishika bega, kisha akaona aibu akaliachia.

Wanakijiji walifika na matawi kuzima moto uliobaki pembeni. Daktari alifika nao, akatukuta bado juu ya mti. Hakututazama. Aliwatazama nyati, kisha akachuchumaa na kijiti chake. Nyasi. Jingine, nyasi. Hakuna hata ganda moja la hindi. Akasimama, akatazama upande wa geti, kisha akanitazama mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano ulifanyika getini. Malori yalikuwa yamewashwa, yananguruma tayari.

Daktari aliwaonyesha watu mstari ambapo moto ulikufa. Akasema nyati ndio waliozila nyasi zile, na kama si wao leo tungekuwa tunazika watu. Akasema kaboni ya uwanja ule bado iko ardhini, haijawa moshi. Watu wakaitikia. Lakini mwenyekiti wa kamati akauliza: na yale mahindi je? Kama si shambani, nyati waliyatoa wapi? Bila jibu, malori yanaingia.

Macho yote kwa Daktari. Macho ya Daktari kwangu. Nikaikumbuka ahadi yangu kwa Mungu. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Nikasema walikuwa nyani.

Sijui ilitoka wapi. Nilishaanza kueleza jinsi nyani wanavyobeba mahindi, mama mkwe alipoinuka na fimbo yake, goti na yote. Akaniita kwa sauti ya upole, ule upole unaotisha.

"Mkwe, na samadi yangu? Nayo nyani waliibeba kwa toroli?"

Alikuwa amefuata alama ya gurudumu kutoka zizini kwake mpaka getini. Njia nzima! Na mimi sikufikiria kufuta. Watu walicheka hadi dereva wa lori akazima gari asikose neno. Malori yaliondoka matupu. Nyati wanabaki.

Nilipoona nimeumbuka, nikaona si haki niumbuke peke yangu. Nikataja na ile "tele" ya Shemeji, ya nyati ambao hajawaona tangu mvua ziishe. Mkuu alituangalia sote wawili, akavua kofia, akasema amebadili mawazo. Hastaafu. Hana wa kumwachia kiti.

Jumanne, 12 Agosti

Narudisha samadi. Kwa mkono, rundo kwa rundo, mama mkwe akiwa kwenye kiti chake akinisimamia. Anasema imepungua. Ninamwambia, Mama, wadudu wameifukia, ni kwa faida ya dunia. Anasema dunia iwalishe basi ng'ombe wake. Mke wangu anaongea nami neno moja tu: oga.

Daktari alipita kuaga. Ana moyo mzuri, hakunisema. Alieleza kwamba nyati wanakula matunda ya migunga, mbegu zinatoka na mavi, zinaota. Mti unashika hewa ya ukaa miaka mingi kuliko nyasi. Anataka kila wiki nivuke matete nikatafute miche michanga ya migunga, na atakaporudi baada ya mvua nimwonyeshe. Nikakubali kwa mikono miwili. Akaondoka na furaha.

Kila wiki! Kwenye mbigili zile! Na lile dume?

Hata hivyo. Shemeji ameotesha miche ya migunga nyuma ya nyumba yake, ya kuzungushia ua. Mizuri, imenyooka, kila mmoja kwenye kopo lake. Jumapili anasafiri na familia yake yote. Mti ni mti. Nani atauuliza ulizaliwa wapi?