Ombi la Kuazima Moto wa Mnara kwa Ajili ya Mtihani

Maabara ya Kemia,
Shule ya Sekondari ya Wasichana iliyo juu ya Bomba Kuu,
Jimbo lenye Gesi.

Kwa Waziri wa Nishati,
Serikali ya Shirikisho,
Makao Makuu.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: KUAZIMA MOTO WA MNARA KWA SAA MBILI

Pokea salamu za heshima kutoka kwa wasichana wa kidato cha nne. Sote ni wazima, isipokuwa mmoja aliyetumbukia kwenye mtaro wa bomba akidaka mpira. Anaendelea vizuri, naye anakusalimu. Mimi ni katibu wa Klabu ya Kemia. Nimechaguliwa kuandika barua hii kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu mwenyekiti wetu ana hasira.

Najua una kazi nyingi, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu kama tulivyofundishwa. Bomba Kuu linalopeleka gesi huko Makao Makuu linapita chini ya uwanja wetu wa netiboli. Tukiwa mstarini asubuhi, kila mtu akinyamaza, tunalisikia likivuma chini ya viatu vyetu. Mwalimu mkuu hulitumia kutunyamazisha. "Hebu sikilizeni," husema, "sikilizeni rasilimali yenu inavyopita."

Ndani ya maabara, jirani kabisa na uwanja huo, kuna vichomeo vya gesi vya shaba, vizuri sana, ambavyo havijawahi kuwaka tangu maabara ilipofunguliwa na waziri aliyekutangulia. Kila Ijumaa tunavipangusa kwa kitambaa kikavu. Vinang'aa mpaka unaweza kujitazamia meno.

Mtihani wa taifa wa kemia kwa vitendo umekaribia. Asiyeupita hawezi kuendelea na sayansi, na mimi nataka kuwa mhandisi wa gesi. Shangazi yangu aliniambia hiyo ni ndoto nzuri kwa mtoto wa jimbo hili. Aliniambia hivyo huku akipuliza mkaa, macho yakimtoka machozi ya moshi.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo:

1. Moto wa kadibodi. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye tunamwita Mwalimu Mkasi, amekata miali ya moto kwenye kadibodi na kuichomeka juu ya vichomeo. Upande mmoja ameupaka buluu, ndio moto mkali. Upande wa pili ameupaka njano, ndio moto mdogo. Ukitaka kupunguza moto, unaigeuza kadibodi. Tunashika neli ya kioo juu yake, tunaitikisa taratibu, na Mwalimu Mkasi anapita katikati ya madawati akitangaza, "Imechemka!" Hapo ndipo tunaandika kwamba imechemka. Ukisogeza kidole karibu anakwambia, "Haya, umeshaungua wewe, kaa pembeni," nawe unakaa pembeni ukikipuliza. Tumekuwa hodari mno. Mwenzangu wa dawati, tunayemwita Bibi Harusi kwa kuwa kila siku hufika watu wote wameshakaa, juzi aliungua hadi akalia, na ilibidi abembelezwe.

Shida inakuja siku ya mtihani. Wasimamizi hufika kutoka Makao Makuu na mtungi wa gesi. Gesi hiyo, Mheshimiwa, ni ya hapa. Imepita chini ya uwanja wetu, imesafiri hadi huko kwenu, imetiwa mtungini, imepakiwa garini na kurudishwa kwetu ikisindikizwa na askari. Mtihani ukiisha, inaondoka nao. Mwaka jana dada zetu walipowashiwa moto wa kweli, wengi walisahau maswali, wakabaki wanautazama. Mmoja aliambiwa apunguze moto, akanyoosha mkono ili augeuze upande wa njano. Ripoti ya watahini ilisema hivi: "Watahiniwa wa kituo hiki hawauogopi moto inavyopaswa." Hakuna hata mmoja aliyepita. Yule wa kugeuza moto siku hizi anauza vocha za simu pale kona, na mkono umepona.

2. Mtaro. Tuliomba tuunganishiwe kibomba kidogo tu, kutoka Bomba Kuu hadi maabara. Ofisi ya Jimbo ikajibu kwamba bomba ni la Shirikisho. Ofisi yako ikajibu kwamba maabara ni ya Jimbo. Baada ya vikao vingi mkakubaliana kila upande uchimbe nusu yake. Jimbo walichimba kutoka ukutani mwa maabara hadi katikati ya uwanja, wakapiga picha wakiwa wameshika sepetu, wakaenda zao. Nusu yenu haijaanza. Tumeambiwa mnasubiri kwanza Jimbo wakiri kwamba hata ile nusu yao ni ya Shirikisho. Nao Jimbo wanasema heri mtaro ubaki wazi kuliko kukiri. Kwa hiyo uwanja una shimo, na netiboli tunachezea upande mmoja. Mfungaji wetu bora amesahau kabisa kwamba kuna goli jingine.

3. Vilivyo chini ya ardhi. Mlimtuma ofisa aje kutuelimisha. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu ambavyo havikuwa tayari kwa uwanja wetu. Alisimama mbele ya wazazi na wanafunzi akaeleza kwamba kila kilicho chini ya ardhi ni cha Shirikisho, na kilicho juu ni cha Jimbo. Bibi yangu akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu," alimwambia, "nina viazi shambani, viko chini. Navyo?" Ofisa akacheka, watu wakacheka, kisha akaita swali jingine. Tangu siku ile bibi haendi kupalilia. Ukimwuliza anasema, "Wenyewe wako Makao Makuu. Waje na majembe yao."

Nyumbani kwetu pia hakujatulia. Baba ni fundi wa kuchomelea mabomba, na kazi yake ni ya mtaroni. Mama alimwuliza, "Baba watoto, ukiwa mle shimoni unakuwa wa nani?" Baba akamjibu, "Mke wangu, mpaka saa ya chakula mimi ni wa Shirikisho." Mama akasema basi Shirikisho lije kufua ovaroli lake. Ovaroli limo kwenye beseni hadi leo, na mimi ndiye ninayelizunguka nikienda kuoga.

Siku ileile aliyokuja kutuelimisha, ofisa wako alitoka barazani na kuwasha sigara. Nasikitika kukuarifu kwamba kikao kilivunjika. Darasa letu zima lilimzunguka na madaftari. Ulikuwa moto wa kiberiti, mfupi, wa njano, wenye buluu kidogo chini. Bibi Harusi alimwomba awashe tena kwa sababu alikuwa amechelewa. Akawasha kijiti kingine, na kingine, mpaka mwalimu mkuu alipomkumbusha kwa adabu kwamba amesimama juu ya Bomba Kuu.

4. Hoja hii imeondolewa baada ya baba kuisoma na kuniuliza kama nataka aendelee kuwa na kazi.

5. Gesi ya wote. Ofisa alisema gesi ni mali ya wananchi wote, na kwa hiyo haiwezi kupewa watu wachache eti kwa kuwa wanaishi karibu nayo. Nimelifikiria jambo hili kwa moyo mweupe na ninakubaliana nalo. Lakini kama kuwa karibu si sababu ya kupewa, naona hata kuwa mbali hakuwezi kuwa sababu. Hapo ndipo nilipoanza kuufikiria mnara.

Siku ya sherehe za Shirikisho mimi na mama tulienda kwa kinyozi, kwa sababu ana televisheni kubwa na hafukuzi watu wasionyolewa. Tuliuona Mnara wa Umoja ulio mbele ya ofisi yako, na ule moto unaowaka juu yake usiku na mchana, mvua na jua. Mtangazaji akasema kwa sauti ya kujivunia kwamba moto huo unatumia gesi ya jimbo letu. Mama akasogea karibu na kioo cha televisheni. "Mbona sioni sufuria," akasema. "Wanachemsha nini pale?" Kinyozi akamjibu bila kuinua mkasi kichwani mwa mteja, "Wanachemsha umoja, mama. Bado haujaiva."

Mheshimiwa, sisi hatumo katika kuucheka umoja. Tunachosema ni kwamba moto ule ni wa wote, nasi tumo katika wote. Kwa hiyo tunaomba kuuazima kwa saa mbili tu, tufanye zoezi moja la kuchemsha na moja la kuchunguza rangi ya mwali, kisha tuurudishe.

Mpango wake tumeuwaza vizuri. Moto utasafiri ndani ya taa ya kandili, kwenye gari lilelile la mtungi, na askari walewale, kwa kuwa wanaijua njia. Mnara hautabaki mtupu. Mwalimu Mkasi amekata mwali mkubwa kutoka kwenye boksi la friji, akaufunika nailoni ili usilowe. Mtu akiutazama kutoka kwenye uzio hatajua tofauti, na walinzi waendelee tu kuwaambia wageni wasisogee wasije wakaungua. Sisi tunafanya hivyo kila wiki, na watu wanaamini.

Kama moto hauwezi kutoka mnarani, basi tunaomba mnara wenyewe uje. Nafasi ipo. Unaweza kusimikwa katikati ya uwanja, ambako msingi umeshachimbwa nusu.

Kama mnara ni mzito, tutakuja sisi. Tutajipanga kwenye uzio na neli zetu, kwa zamu, bila kelele na bila kugusa mashada ya maua. Tunaomba tu mkuu wa itifaki asije akatupigia wimbo wa taifa katikati ya jaribio, maana itabidi tusimame wima na kioevu kitamwagika.

Na kama hayo yote hayawezekani, tunaomba utoe amri kwamba shule zote za Shirikisho, kuanzia zile wanakosoma watoto wa mawaziri, zitumie kadibodi. Mwalimu Mkasi yuko tayari kukata. Tutakuwa sawa mbele ya mtihani, na hakuna atakayelalamika. Baadaye, ikionekana kadibodi inatosha kwa shule, inaweza kutosha hata kwa majiko, viwanda na magari ya Makao Makuu. Gesi ibaki ardhini ipumzike. Jimbo halitakuwa na cha kudai, Shirikisho halitakuwa na cha kuchukua, na ugomvi wenu, ambao ulianza kabla mimi sijazaliwa, utaisha bila hata kikao.

Siandiki haya kwa ubaya. Baba anasema wewe ni mtu msikivu, na amelisema hilo hata baada ya kuisoma hoja ya nne. Mimi ninachotaka ni kuyaona maji yakichemka kabla sijaulizwa kwa nini yamechemka. Nikishaona mara moja, nadhani nitakumbuka maisha yangu yote, na siku moja nitaweza kuja kukufanyia kazi huko, hata mtaroni.

Utusalimie nyumbani kwako, wazee kwa watoto. Msalimie na yule ofisa wa viatu, mwambie daftari langu lina kurasa mbili za kiberiti chake na kwamba tunamtakia kazi njema. Wasalimie askari wa mtungi, na mzee anayelinda moto wa mnara, ambaye kwenye televisheni alionekana kuwa na baridi.

Wako mtiifu, ninayesubiri jibu karibu na vichomeo,

Katibu wa Klabu ya Kemia,
Kidato cha Nne.

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii ilikuwa bado iko mkobani mwangu mafundi wenu walipofika bila taarifa. Walisema wamebakiwa na kipande cha bomba mahali pengine na hawataki kurudi nacho. Walimaliza nusu iliyobaki kabla ya mapumziko ya saa nne, na mchana Mwalimu Mkasi akawasha kichomeo. Moto wa kweli unatikisika, jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa. Maji yalichemka yenyewe. Mwalimu Mkasi alifungua mdomo atangaze, kisha akaufunga, akakaa kwenye kiti chake akitabasamu. Sasa tunafanya mazoezi kila siku, na nina hakika ya kupita.

Jana wasichana wa shule ya ng'ambo ya barabara walikuja na neli zao. Nao wana mtihani uleule, na maabara yao haina gesi. Waliomba wajifunzie kwetu jioni, tukishaondoka. Klabu ilikaa kikao, na kwa nafasi yangu ya ukatibu nimewajibu kwa adabu kwamba gesi hii ni ya wasichana wote, na ndiyo maana inahitaji kutunzwa na wachache. Tumewaundia kamati ndogo. Mmoja wao akaniambia, "Dada, lakini mtihani ni wiki ijayo." Nikamweleza kwamba kamati inalijua hilo.

Nasikia wanakuandikia barua. Wana uchungu kidogo, na hoja zao hawajazipanga kwa namba. Ikikufikia, Mheshimiwa, nakuomba uisome polepole.