Msumari wa Huduma ya Kwanza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mgongo umekufa. Kutwa nzima nimepandisha marobota ya leso stoo ya juu. Nimechoka mimi! Bi Mejumaa, mwenye duka, katangaza Ijumaa atachagua mtu wa huduma ya kwanza. Huyo atakaa dukani chini, kando ya sanduku la dawa, mzigo habebi tena. Kiti! Feni! Nakitaka. Truphosa wa kaunta naye anakitaka. Si tayari ana kiti?

Jumanne, 10 Juni
Mwalimu kaja kutufundisha aina za vidonda. Rahisi, mimi ni mtu wa nguo. Mchubuko: leso iliyosuguliwa ikachakaa juu. Mkato: mkasi, kingo zimenyooka. Mraruko: panya, kingo ovyo ovyo. Tundu: pini, mteja hata halioni, bei haishuki. Nikalipanga la mwisho kwa hatari. Truphosa akauliza kina chake. Kujionyesha tu.

Jumatano, 11 Juni
Hakuna aliyeumia. Hivi nitaonyeshaje ujuzi? Nimeweka ubao wenye msumari mlangoni pa stoo, Truphosa hupita hapo kuchukua leso. Achubuke kidogo tu, nimfunge bendeji mbele ya watu. Sina roho mbaya.

Alhamisi, 12 Juni
Bi Mejumaa aliniita. Nikatoka stoo mbio, shikamoo ikiwa mdomoni, nikaukanyaga ubao wangu mwenyewe. Msumari ukapenya ndala hadi unyayoni. Damu tone moja. Nikawaambia ni tundu, halina neno. Truphosa akasema hilo ndilo la kuogopwa: mdomo mdogo, uchafu umezama ndani. Akataka nikaoshwe hospitali, nichomwe sindano ya pepopunda. Bi Mejumaa akaniambia, Kingi mwanangu, msikilize mwenzio. Nimsikilize mpinzani? Nikabeba marobota hadi jioni ili waone.

Ijumaa, 13 Juni
Mguu umevimba kama andazi. Asubuhi nilipelekwa hospitali kwa tuktuk, nikachomwa sindano niliyoikataa jana. Kazi kapewa Truphosa. Jioni kaja nyumbani kunibadilishia bendeji, mikono yake mipole kweli. Nikaona haya. Kisha nikaona wivu.

Akasema Bi Mejumaa sasa anatafuta msimamizi wa zimamoto, naye hatabeba mzigo. Usingizi ukaniruka. Safari hii sitasubiri bahati, nikirudi kazini lazima wauone ujuzi wangu. Nimeshamtuma jirani aniletee kiberiti.