Uhakiki wa Wafuasi Hewa

Umma unatangaziwa kwa furaha kwamba Kurugenzi ya Ustawi wa Wafuasi Mtandaoni imekamilisha uhakiki wake wa kwanza. Matokeo yamepita matarajio ya wote, yakiwamo ya Mkurugenzi.

Kurugenzi yetu iliundwa kuzisaidia biashara na asasi kupata wafuasi mitandaoni. Kwa miaka miwili tulizisaidia kwa semina. Mwaka huu tukabaini kwamba huwezi kumwongezea mtu wafuasi kabla hujajua kama alionao wapo kweli. Kama watumishi hewa waliondolewa kwenye orodha ya mishahara, wafuasi hewa wavumiliwe kwa lipi?

Mimi, Katibu wa Uhakiki, nikaandika Mwongozo. Kila ukurasa ulete wafuasi mia tatu ukumbini, ana kwa ana, na vitambulisho, kabla ya saa tisa alasiri. Usiotimiza utafungwa. Niliubana Mwongozo wote katika karatasi moja, maana karatasi ni mali ya umma. Mkurugenzi alitia sahihi bila kuusoma. Hasomi maandishi madogo. Husema kiongozi hutazama mbali.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Miwani. Kupitia ukurasa wake, watu humletea miwani walizoacha kutumia, naye huzisafisha na kuwapa wasioweza kununua. Ukurasa ukifungwa, sanduku lake linabaki tupu.

Alifika asubuhi na umati.

"Mama, hawa wote ni wako?" karani aliuliza.

"Wangu, mwanangu. Wengine wako kwenye ngazi, wanavuta pumzi."

Karani ni mtu makini. Hakuruka swali hata moja.

"Sababu ya kufuata ukurasa huu?"

"Sababu?" fundi mmoja wa kupaka rangi akacheka. "Kabla Mama hajanipa miwani, nilipaka ukuta wa jirani wa mteja mpaka nikamaliza."

Karani akaandika: *Ukuta wa jirani.*

Ilipofika saa tisa kasoro dakika kumi, walikuwa wamehakikiwa mia mbili tisini na tisa. Aliyebaki alikuwa mkunga, na mtoto aliyekuwa akizaliwa hakujali saa za ofisi.

"Mzee wangu, ni mmoja tu," Mama Miwani alimwambia Mkurugenzi. "Yuko leba. Huyo si hewa."

"Mama, Mwongozo hauna leba."

"Sasa mkinifungia, nani atawaambia watu walete miwani?"

"Utakaribishwa kwenye semina."

Hapo ndipo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliposogelea Mwongozo uliobandikwa ukutani. Alikuwa amevaa miwani aliyopewa na Mama.

"Hebu, wanangu, huu mstari wa mwisho mmeuona? 'Masharti haya yanahusu kila ukurasa, ukiwamo wa Mkurugenzi.'"

Mkurugenzi akanigeukia. "Katibu! Nani kaandika upuuzi huo?"

Nilikiri. Niliuweka kwa ajili ya usawa. Usawa hupendeza sana kwenye nyaraka.

Karani akafungua daftari jipya. "Mheshimiwa, ukurasa wako una wafuasi elfu arobaini. Mimi nahitaji mia tatu tu. Wako wapi?"

Dereva wa Mkurugenzi akainua mkono nusu.

"Mimi nilikuwa nafuata, bosi. Nikaacha. Simu ilijaa sura yako."

Ilinibidi nitoe ufafanuzi. Wafuasi hao tuliwaagiza kutoka nje kwa zabuni halali, na walipokelewa wakiwa katika hali nzuri.

"Wana vitambulisho?" karani aliuliza.

"Wana namba," nilijibu.

"Hewa ya jumla hiyo!" mtu akapaza sauti kwenye foleni. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Leteni hiyo karatasi," Mkurugenzi alifoka. "Lazima kuna msamaha humo."

Akaishika, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza tena. Mkono ukaisha kabla maneno hayajaonekana.

Mama Miwani akafungua sanduku lake. "Jaribu hii, baba. Aa, hiyo ni ya mbali. Vaa hii."

Mkurugenzi akasoma Mwongozo wote, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Msamaha hakuuona. Aliona kifungu cha pili, akakisoma kwa sauti kabla hajajizuia: "'Mfuasi hai ni yeyote aliyefika ukumbini akanufaika na huduma ya ukurasa.'"

Karani akatazama saa. Zilibaki dakika mbili.

"Mheshimiwa, umefika ukumbini?"

"Si nafanya kazi hapa!"

"Umefika. Umenufaika?"

Mkurugenzi akavua miwani. Maandishi yakapotea. Akaivaa tena, akatazama kifungu, akamtazama Mama.

"Nimenufaika," alisema kwa sauti ya chini.

"Mia tatu," karani akatangaza, akagonga muhuri kwenye cheti cha Mama Miwani. Kisha, saa tisa ilipotimia, akafunga ukurasa wa Mkurugenzi kwa kukosa wafuasi, kwa muhuri uleule. Shangwe zilipotulia, akarudi kwenye fomu.

"Imebaki sababu ya kufuata, mheshimiwa."

"Andika chochote."

"Haturuhusiwi kubuni."

Mkurugenzi akachukua kalamu, akaandika mwenyewe. Mwalimu mstaafu akanyoosha shingo, akausomea ukumbi mzima:

"'Sioni.'"