Nadharia za Kumsahau Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimemsahau mama mkwe kituo cha basi. Mvua yote imemwishia yeye. Aliyekwenda kumchukua ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Alikuwa na mwavuli. Mtu yule humkuti bila mwavuli. Mke wangu hasemi nami. Lakini kwa kinyozi kulikuwa na redio, na mwanasaikolojia mmoja akasema mtu hasahau kwa uzembe: akili huficha yanayoiumiza. Sayansi! Nimeokoka.

Jumanne, 4 Juni
Sikuokoka. Niliieleza nadharia mezani, taratibu, kwa mifano. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akauliza kama maumivu yenyewe ndiye yeye. Mwanyumba, ambaye hakualikwa na mtu, akapaliwa na chai kwa kucheka. Nalala sebuleni. Kochi ni fupi, mimi si mfupi.

Jumatano, 5 Juni
Nadharia mpya. Kumbe mambo mapya huyasukuma ya zamani yakatoka. Nikamwambia mke wangu kwamba siku ile kichwa kilijaa mambo. Akataka kujua mambo gani. Sikukumbuka hata moja. (Nilikuwa nikitazama watu wakicheza drafti, lakini hilo halina haja ya kutajwa.) Kochi tena.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho mama mkwe anapelekwa kliniki ya macho. Jicho la kulia limeingia ukungu, anamimina chai nje ya kikombe. Wa kumpeleka? Mwanyumba, bila shaka. Nikaenda dukani kwake, anakokata vioo, nimvuruge kichwa ili asahau na yeye, tuwe sawa. Nikaongelea paa, mpira, saruji. Akapima vibaya, kioo kikapasuka. Akasema kwa kuwa nina nafasi kiasi hiki, nimpeleke mimi. Ushindi!

Ijumaa, 7 Juni
Tulifika mapema. Nikamketisha mama mkwe benchi la mbele, nikaenda dirishani kumwandikisha. Karani akauliza jina la mgonjwa.
Jina.
Miaka yote hii namwita Mama. Mwanasaikolojia alisema ukikwama, rudi kimawazo mahali uliposikia. Nililisikia siku ya harusi. Nikafumba macho, nikarudi harusini. Nikaona viatu vilivyonibana, basi. Foleni ikaanza kunung'unika. Nikataja jina la mama mwenye nyumba wetu.
Lilipoitwa, nikamnong'oneza Mama kwamba ni zamu yetu. Akasema huyo si yeye, na hawezi kula zamu ya mtu. Likaitwa tena. Akakaa vilevile, hata akawa anamtafuta mwenye jina kwa macho, amsaidie kuinuka. Mwishowe daktari akaondoka, Mama hajatibiwa.
Njiani alinishika mkono, maana upande wa kulia haoni mashimo. Nikakiri kwamba dirishani nilisahau jina lake. Hakuwa na hasira.
“Mwanangu, jina langu hukulisahau,” alisema. “Hukuwahi kulishika.”
Mkono wake ulikuwa mwepesi mno.

Jumamosi, 8 Juni
Mwanyumba amempeleka asubuhi, wamerudi na dawa. Haidhuru. Nimeyapima maneno ya Mama, na yanaishinda redio. Kama sikuwahi kulishika, basi sikusahau. Na kama sikusahau, sina kosa! Mke wangu atasikia haya leo leo. Jina lenyewe nilikaribia kulipata: Mama alikuwa mlangoni akijitambulisha kwa jirani mpya, kwa sauti kabisa. Lakini nilikuwa nawaza nadharia yangu.