Ombi la Kumpima Mama Mkwe Umeme

Kwa Baba Mkwe,
Fundi umeme wa magari (mstaafu).

YAH: FYUZI ZINAZOUNGUA, NA MKEO

Shikamoo Baba. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba barua hii haitakurudisha kitandani. Sisi huku wazima, isipokuwa gari. Naandika kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu na nilizojifunza kwenu, kulalamika kwamba mkeo, mama yangu mkwe ninayempenda sana, anaunguza fyuzi.

Najua neno hili ni zito. Naomba usiikunje barua kabla hujafika mwisho.

1. Tangu Mama aje kututembelea, fyuzi ya gari langu, ile inayobeba honi, taa za breki na taa ya ndani, inaungua kila safari. Naweka mpya, tunatoka getini, tukifika kona ya kinyozi, kimya. Nabonyeza honi, gari linanitazama tu. Nilipokupigia simu ulinipa kanuni yako ya kazi: usiweke fyuzi kubwa zaidi, usifunge waya badala ya fyuzi, bali toa kimoja kimoja mpaka isiungue, ulichokitoa mwisho ndicho chenye shoti. Baba, kanuni hiyo ni yako. Naomba tulikumbuke hilo tunapoendelea.

2. Nilitoa redio. Nikatoa chaja ya simu, taa ya buti, na ile feni ndogo ya dashibodi aliyoninunulia mke wangu. Ikaungua vile vile. Vitu vya kutoa vilipokwisha, nikaanza kutoa watu. Nikamtoa mwanangu mkubwa, ikaungua. Nikamtoa mdogo, ikaungua. Nikamtoa mke wangu, akaenda sokoni kwa miguu huku akisema maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe uliyemlea, ikaungua. Nikabaki na Mama, ametulia kiti cha nyuma kushoto, mahali pake pa siku zote, mkoba mapajani. Nikamtoa Mama. Nikazunguka mtaa mzima nikipiga honi mpaka watu wakatoka madirishani, na fyuzi ikabaki nzima.

3. Mimi si mtu wa kukurupuka. Nilidhani labda ni uzito (nisamehe kwa neno hilo), nikapakia butini gunia la unga linalokaribiana na Mama. Fyuzi haikuungua. Kwa hiyo si uzito, ni Mama mwenyewe. Nikamwomba avue bangili, ikaungua. Nikamnunulia viatu vya soli nene ya mpira, maana mpira haupitishi umeme, nikamwambia ni zawadi. Alifurahi mpaka akaenda kuwaonyesha majirani. Iliungua akiwa amevivaa.

4. Siri haikukaa. Binti yangu mdogo alimwuliza mezani, mbele ya wote, "Bibi, eti ni kweli una shoti?" Mama akaweka kijiko chini, akanigeukia: "Kumbe mkwe wangu, siku zote hizi ulikuwa unanitengeneza?" Tangu hapo hapandi gari langu. Na Jumamosi ndiyo harusi ya binti yako wa mwisho, na gari langu ndilo la kumbeba bibi harusi. Mke wangu ametoa hukumu: Mama asipopanda, yeye na watoto hawapandi. Bibi harusi naye kapiga simu, anasema hawezi kupanda gari lililomkataa mama yake. Baba, nimeliosha gari hilo mpaka chini ya mabawa ya matairi. Nimenunua na riboni. Litakwenda harusini na mimi peke yangu na gunia la unga. Naumia, nakwambia ukweli.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Wewe umeendesha gari miaka yote Mama akiwa ndani. Unieleze ulikuwa unatumia fyuzi gani. Pia uje na testa yako umpime, ukianzia kwenye mkoba. Na ikionekana hatengenezeki, basi umweleze wewe mwenyewe, kwa upole wa mume, kwamba hii ni sayansi wala si chuki. Mimi nikisema, anatazama viatu.

Wasalimie shemeji zangu wote, majirani wa pande zote mbili, na kila atakayeuliza habari zetu. Ila usiwaambie.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mwenye gari.

Baada ya saini: Barua hii nimeiandikia ndani ya gari, kwa kuwa siku hizi sebuleni hakuna anayeniongelesha. Nilikaa mbele mpaka namba tano. Usukani ukanibana kiwiko, nikahamia nyuma kushoto ili nisaini vizuri. Nilipomaliza tu kusaini, nikaona taa ya ndani imezimika. Nikanyoosha mkono mpaka kwenye honi: kimya. Baba, Mama alikuwa jikoni.

Nimeinua kiti. Chini yake, upande ule ule, kuna waya uliochubuka mpaka shaba, na springi ya kiti inaugusa kila anapokaa mtu mzima. Watoto ni wepesi, mke wangu hukaa mbele, na gunia nililiweka butini. Sina la kujitetea.

Nimeufunga waya kwa tepu, nimeweka fyuzi mpya, nikaenda kumwomba Mama msamaha, barua mkononi. Akaomba aisome. Ameisoma yote, taratibu, na kwenye gunia la unga akasimama kidogo. Nilitaka kuichana, amekataa, amesema lazima ikufikie kama ilivyo. Jumamosi atapanda. Mke wangu ndiye ataendesha, Mama atakaa mbele, na honi ataipiga yeye kwa mkono wake. Mimi nitakaa nyuma kushoto, nimelipakata gunia la unga, ili fyuzi ipimwe sawasawa.

Viatu harudishi.