Joho Jekundu Katika Shamba la Pamba

Jumatatu, 2 Juni 1997

Bwana asifiwe, nimepata kazi! Kwa majaribio, lakini kazi. Kampuni mpya ya pamba, moja ya hizi zilizomiminika Bariadi tangu soko lifunguliwe, imechukua makarani kumi. Mimi ndiye mkubwa kwa umri. Hamsini na moja.

Meneja ni Mzungu wa Afrika Kusini. Leo kafungua sanduku, ndani bunduki. Tulikimbia! Akacheka, akasema haziui, zinarusha vidonge vya rangi. Kidonge kikikupata kinapasuka, unabaki na doa, unainua mkono, unatoka. Jumamosi tutagawanyika, watano wekundu, watano bluu, tuwanie bendera katika shamba la kampuni, njia ya Kasoli. Nahodha atakayeshinda ndiye mkuu wa kituo cha kununulia cha Kasoli.

Nahodha wa bluu ni mimi, Luhende. Wa wekundu ni Constantine. Yule yule aliyenishinda uzee wa kanisa kwa kura mbili.

Daftari, wewe unajua kwa nini nakitaka kituo. Nyamizi. Tangu Pasaka mke wangu yuko kwao Malampaka, kwa kuwa niliuza cherehani yake nikanunua video ya kuonyesha sinema kwa kiingilio. Siku ya pili ikatoa moshi. Mama yake akatuma neno: binti atarudi siku Luhende atakapokuwa mtu wa kazi moja, mahali pamoja, bila ujanja. Basi mkuu wa kituo si hukaa kituoni?

Jumatano, 4 Juni

Mafunzo. Meneja kasema ushindi hauletwi na bunduki bali na moyo. Tulia. Ukipiga, hama hapo. Mwenzako akiita, mwitikie. Usipige usichokiona. Ukipigwa, kubali, toka.

Nimeandika yote. Kisha nikafikiri: mambo ya vijana haya. Mimi nimechunga ng'ombe wa baba miaka tisa, fisi namjua. Fisi hakimbizwi, anasubiriwa. Nitalala mahali pamoja, kimya.

Constantine kanyoosha mkono, eti mpita njia akitokea? Kujipendekeza tu! Meneja kamjibu mchezo unasimama, kila mtu anashusha bunduki.

Ijumaa, 6 Juni

Wazo limeshuka wakati wa sala! Wekundu wanapiga rangi nyekundu. Majoho ya kwaya ni mekundu. Doa jekundu juu ya joho jekundu, nani atalijua? Ufunguo wa chumba cha majoho ninao mimi, maana ndimi mfagiaji wa kanisa. Nilimwomba Mungu ruhusa. Hakujibu. Nikahesabu ni ndiyo.

Jioni dereva wa basi kaleta salamu. Mama mkwe anakuja kesho, ajionee mwenyewe kama nimetulia. Mchezo ni saa mbili, basi hufika saa tano. Muda unatosha.

Jumamosi, 7 Juni

Daftari, nisamehe kwa haya.

Nililala kati ya mistari ya pamba na joho langu. Masele, rafiki yangu wa timu, akaita: Luhende, wako kushoto kwako! Sikuitikia. Fisi anasubiriwa. Masele kapigwa sikioni. Mimi nimepigwa mara nne. Sikuinua mkono. Wakaniuliza, nikasema jasho. Mimi, niliyesoma somo la Jumapili iliyopita!

Kisha majani yakachakarika. Kitu cheupe kinapita juu ya pamba. Bendera! Nikapiga tatu.

"Mayuu! Nimekufa!"

Si bendera. Kitambaa cha kichwani. Basi liliwahi. Mama mkwe kakatisha shambani na kikapu chake, na kichwa chote bluu.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani, unaingia porini mpaka apite. Mimi porini nilikuwemo tayari! Nikafanya lililobaki: nikampa mgongo, nikachuchumaa.

"Wewe wa joho! Ni mchungaji au ni mwizi?"

Nikazidi kuinama.

"Na adabu huna!"

Constantine kapiga kelele mchezo usimame. Kaleta maji, "Pole mayu, pole sana mama," huku akimmiminia, naye ananawa. Mama kamuuliza kwa Luhende ni wapi. Constantine kaniangalia. Kaniangalia tena. Kasema Luhende yuko kazini, atampeleka yeye mwenyewe.

Nilizunguka mbio, nikalirudisha joho kanisani, nikaoga, nikamwamkia mama nikiwa nyuma ya ukuta, kama heshima inavyotaka. Akanisimulia, kwa kupitia ukuta, jinsi mlevi mmoja mwenye joho alivyompiga.

Nikasema dunia imeharibika, mama.

Daftari, nilisema hivyo.

Jumapili, 8 Juni

Lile doa. Likikauka linang'aa kama mafuta. Gloria, mwalimu wa kwaya, kaliinua joho mbele ya kanisa zima, madoa manne yanametameta, mbigili kwenye pindo. Kauliza ni nani.

Upande wa wanawake mama mkwe kasimama. "Joho ndilo hilo!"

Mchungaji kauliza kwa upole ufunguo uko kwa nani. Watu wote wakageuka. Nikasimama. Mbele ya mama siwezi kutazama, basi nikaliungamia dirisha la chumba cha majoho. Yote niliyasema, hata lile la jasho. Nilitamani sakafu ipasuke.

Jumanne, 10 Juni

Constantine kapewa Kasoli. Meneja kasema aliyeacha ushindi akamwosha bibi kizee ndiye atakayejua kuongea na wakulima.

Mkwe hupozwa kwa kondoo, na kondoo hupelekwa na mtu anayeheshimika pande zote mbili. Nimefikiri siku nzima ni nani. Ni Constantine. Kakubali bila hata kunicheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Ijumaa, 13 Juni

Constantine karudi kutoka Malampaka. Kondoo kapokelewa. Mama kasema hana hasira na rangi, hasira yake ni ile "dunia imeharibika". Lakini Nyamizi kalia, kasema mume wake ni mjinga ila si mbaya. Atakuja Jumamosi ya tarehe 21, kwa basi. Sharti moja: amkute Luhende nyumbani, amekaa kwenye kiti, hafanyi chochote.

Nimelia. Nimemwahidi Mungu. Nimekifuta kiti.

Jumatano, 18 Juni

Meneja katangaza mchezo wa pili. Nahodha atakayeshinda anapata kituo cha Lagangabilili! Ni Jumamosi, tarehe 21, saa mbili. Basi hufika saa tano. Muda unatosha.

Nimekesha na kosa langu nikaliona. Rangi! Nani anajificha kwenye pamba na joho jekundu? Pamba ni nyeupe. Na majoho ya ubatizo, sita, meupe pe, yamo katika chumba kile kile.

Ufunguo wameninyang'anya. Lakini lile dirisha nililoliungamia, nilikuwa nalitazama muda mrefu. Halina komeo.